Zamu ya Mtaa wa Juu

Fundi wa nguo hakuwahi kufika kule alikokuwa akiishi mdogo wake, lakini ukimuuliza, alikuwa anakujua kuliko waliozaliwa huko. Kule, alikuwa akiwaambia wateja wake huku amebana pini mdomoni, jua linawaka mpaka kuku wanataga mayai ya kuchemsha. Watu wa kule hawaogi, hawacheki, na hasira zao ziko karibu. Ukimkanyaga mtu mguu, bora uwe umeshaandika wosia. Nani alimwambia yote hayo? Mteja mmoja aliyewahi kupita huko kwa basi, na hata huyo alipita amelala.

Na kule ndiko aliko kitinda mimba wao, mwaka wa tisa sasa, ameajiriwa na idara ya maji. Hapo ndipo palipomuuma fundi, kwa sababu yule mtoto alimlea yeye. Baba yao alipofariki kijana alikuwa darasa la pili, mama akaanza kuumwa miguu, na dada mtu, msichana wa miaka kumi na tisa, akakaa kwenye cherehani na hakuinuka mpaka kijana alipotoka chuo cha ufundi na cheti mkononi. Sasa umkuze mtu hivyo, halafu aende akafukiwe na vumbi? Moyo wake ulikataa, na mimi kwa hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kimoja tu: miaka tisa, hakwenda kumwona hata mara moja.

Mama yao naye, ambaye siku hizi alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, alikuwa na wimbo mmoja kila jioni. "Damu nzito kuliko maji, wanasema. Wangu mimi kaenda kuoa maji. Nitakufa sijamwona."

Basi siku moja mteja mmoja, mke wa mkubwa wa makao makuu ya idara hiyohiyo, alikuja kupima gauni akiwa na bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya uhamisho, karatasi nene nyeupe, imeshapigwa mihuri yote. Ilibaki sahihi ya kijana mwenyewe. Ofisini, hapa hapa jijini: meza, kiti cha kuzunguka, na feni. "Lakini Jumatatu ile nyingine, si hii ya kesho, iwe imerudi mezani," mteja akasema. "Ikipita hapo, kuna watu kumi wanaingoja."

Fundi akaiweka fomu ndani ya daftari lake la vipimo, akafunga duka, na Jumatatu alfajiri akapanda basi. Alibeba chupa sita za maji ya kunywa, mchele, miche mitatu ya sabuni, mishumaa, dawa ya tumbo, kofuli mbili na filimbi ya kupigia wezi. Mkasi na sindano sivihesabu, maana hivyo alikuwa akitembea navyo hata msibani. Mama alimwambia neno moja tu mlangoni. "Usirudi mikono mitupu."

Safari ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza alilalamika hadi jirani yake akahamia kiti cha nyuma. Siku ya pili barabara ilipanda milima, ikateremka kwenye uwanda mpana wenye miti mifupi na vivuli vya mawingu vinavyotembea juu ya ardhi, na fundi akajikuta ametazama dirishani saa nzima bila kumsema mtu. Alipojigundua akavuta pazia.

Wakafika Jumanne alasiri. Kabla hajakanyaga chini vizuri, mwanamume mmoja mpana akanyakua begi lake na kuanza kuondoka nalo. Fundi hakuuliza. Alitia filimbi mdomoni akapuliza kwa pumzi yote ya kifua cha mtu aliyeendesha cherehani ya miguu miaka ishirini na sita. Stendi nzima ikanyamaza. Yule mwanamume akasimama, akaliweka begi kivulini, mahali alipokuwa akilipeleka, akageuka.

"Wewe si dada yake Ufunguo?" akauliza. "Paji la uso ni lilelile. Kasema amechelewa kidogo, nikupe kiti."

Halafu watu wakacheka. Walicheka wauza karanga, wakacheka makondakta, akacheka hata mzee mmoja aliyekuwa amelala juu ya magunia. Kwa hiyo lile la kwamba watu wa kule hawacheki likafa hapo hapo stendi, na fundi mwenyewe ndiye aliyeliua.

Ufunguo alikuja mbio, suruali imelowa matope hadi magotini. Alikuwa amekonda na jua limemkolea, lakini alikuwa na kicheko kilekile cha utotoni cha kuficha meno kwa mkono. Akamkumbatia dada yake mpaka akampaka matope.

"Wanakuita Ufunguo?" fundi akauliza.

"Wameshasahau jina langu. Nami nakaribia."

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, ukuta wa nje umepigwa chokaa. Fundi aliingia akiwa amejiandaa kusikitika. Alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama, hakuna kitu. Akafunua kitanda alichotandikiwa. Jamani, mashuka yalikuwa meupe kuliko yake ya jijini, meupe ya kutia aibu. Akayanusa akiwa amempa mdogo wake mgongo ili asionekane. Halafu akatoa kofuli zake mbili, akauliza mlango unafungwa wapi. Mlango haukuwa na pa kutia kofuli. Ulikuwa na kitasa cha mti, cha kuzuia mbuzi.

Jioni ile, baada ya kula, aliiweka fomu mezani akaeleza yote: meza, kiti, feni, Jumatatu, mama na ukuta anaoushika. Ufunguo aliisoma mara mbili. Alipomaliza aliikunjua mikunjo kwa kiganja.

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyenilea. Sijawahi kukukatalia kitu na sitaanza leo. Ukiniambia twende, nitasaini na tutakwenda. Ninakuomba kitu kimoja: kaa mpaka Jumamosi kwanza. Halafu uniambie wewe."

"Nikwambie mimi? Kazi si yako?"

"Nikisema mimi, nitasema nibaki, na mama ataniona sina huruma. Sema wewe, umeshaona."

Fundi akaguna. Alishaona vya kutosha tangu jijini, hivyo ndivyo alivyojiambia.

Jumatano kijana alitoka mapema, na fundi akabaki na jirani, mwanamke mwenye pacha wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha. Fundi alimkuta uani akifua na beseni tatu, akasimama kutazama kazi kama anavyotazama fundi mwenzake. Nguo nyeupe zilianza. Maji ya kusuuzia nyeupe yakahamia kufulia za rangi. Ya kusuuzia za rangi yakafulia za kazi, ya hapo yakasugua sakafu, na yale meusi ya mwisho yakamwagwa kwa kikombe, kimoja kimoja, kwenye shina la mpapai. Madumu mawili yalifua nguo za watu watano na kuosha nyumba. Hakuna tone lililoanguka bila kutumwa.

Hilo lilimgusa fundi mahali anapopajua. Yeye mwenyewe anaweza kukata gauni kwenye kitambaa kifupi na asibakize hata kipande cha kufutia miwani, na anawadharau mafundi wanaojaza sakafu vipande. Akasema, bila kupenda, "Una mkono."

"Na nyinyi kwenu," Mama Pacha akauliza, akikamua, "ni kweli mtu anaweza kuugua ghorofani wiki nzima, jirani asijue?"

"Nani kakwambia?"

"Watu waliopita."

"Walipita wamelala," fundi akasema kwa ukali. Kisha akakumbuka yule mama wa ghorofa ya tatu, mwaka juzi, waliyekuja kumjua jina siku ya kuutoa mwili wake. Akachukua shati moja ndani ya beseni akaanza kukamua.

Alhamisi alitaka kuona hiyo kazi yenyewe. Wakatoka saa kumi na nusu alfajiri, mji bado una giza la bluu, yeye na shali, mdogo wake na chuma begani. Chuma hicho kilikuwa kirefu kama mtu mzima, kina mkono wa kukingama juu na mdomo wa mraba chini, na ndicho kilichompa jina. Maji ya mji ule hayakutosha mitaa yote kwa siku moja. Yalipandishwa kwa pampu usiku kwenye tangi kubwa, na alfajiri Ufunguo alipita kuyagawa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, kila mtaa ukipata siku yake mara moja kwa siku nne.

Akafunua mfuniko wa chemba ya kwanza, akateremsha chuma mpaka kikauma valvu, koki kubwa ya bomba, chini, akakizungusha robo. Robo tu. Halafu akalaza sikio kwenye mkono wa chuma, akafumba macho.

"Unasikiliza nini?" fundi akanong'ona.

"Hewa. Mabomba haya ni ya zamani, yamekaa siku nne matupu. Ukiyafungulia kwa pupa maji yanakimbia na hewa mbele, yakifika kwenye kona yanagonga, bomba linapasuka. Haraka haraka haina baraka, basi hapa si methali, ni maelekezo ya kazi. Njoo usikie."

Fundi akaweka sikio. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha kutoka chini sana akasikia mnong'ono, kitu kinavuta pumzi, kinapanda. Ufunguo akangoja mpaka mnong'ono ulipotulia, akaongeza robo nyingine, akasikiliza tena. Valvu ile moja ilimchukua dakika arobaini. Fundi hakuona hata moja iliyopotea. Alijua anachokiona: ndivyo mtu anavyopitisha hariri chini ya sindano, bila kuvuta, bila kusukuma, unaifuata inavyotaka mpaka inafika unapotaka wewe. Kumbe huyu mtoto alikuwa amekaa chini ya meza ya cherehani miaka yote ile akimtazama mikono.

Bomba la kwanza mtaani likakohoa, likatema hewa, likatoa maji. Milango ikafunguka mmoja mmoja, ndoo zikatoka. Hakuna aliyesukumana. Wakawa wanamsalimia akipita, naye akimwambia huyu koki yake inavuja nyuma, yule atoe kwanza maji ya kutu. Alijua nyumba yenye mgonjwa, akajua nyumba yenye mtoto mchanga tangu juzi. Fundi alikuwa akitembea nyuma yake, na tangu baba yao afariki hakumbuki kujivunia kitu namna ile.

Ila jua lilipotoka akaona kitu kingine. Ovaroli ya mdogo wake ilikuwa imetoboka begani, pale chuma kinapolala, na ngozi ya chini yake imekuwa ngumu kama soli. Yeye anawekea pedi mabega ya wake za wakubwa, na damu yake inatembea bega wazi. Ile fomu ikarudi kichwani. Meza, kiti, feni.

Siku hiyo hiyo mchana bomba kubwa likapasuka karibu na soko. Ufunguo alichimba tangu saa saba hadi saa mbili usiku, simu yake ikaingia kwenye matope ikafa, na aliporudi alikaa kitandani kuvua buti, akavua moja. Fundi alimkuta amelala hivyo hivyo, mguu mmoja na buti, kinywa wazi, mikono imechubuka. Akamvua la pili. Akatazama saa ya mezani, ile ya kutia ufunguo, iliyotegwa saa kumi alfajiri.

Akaizima.

Ukitaka kumlaumu, mlaumu, lakini kwanza ujiulize kama hujawahi kumfunika mtu blanketi asiyekuomba. Alijiambia ni saa mbili tu za usingizi. Mji mzima hautakufa kwa saa mbili. Alimlea mwenyewe, anajua anahitaji nini.

Ijumaa akaamshwa na hodi. Jua lilikuwa limeshachomoza. Akafungua mlango wa kitasa cha mti, akamwona mama mmoja mtu mzima ameshika ndoo tupu. Fundi akakaza mwili. Hapa sasa, akawaza, ndipo hasira zao zitakapotoka.

"Samahani mwanangu," yule mama akasema. "Ufunguo ni mzima?"

"Ni mzima. Amelala."

"Haumwi?"

"Hapana, amechoka tu."

"Alhamdulillahi. Tumeshtuka. Miaka tisa hajawahi kuchelewa, tukasema kijana wa watu kapatwa na nini." Akageuka na ndoo yake. Nyuma yake walikuwa wanakuja wawili wengine, na nyuma ya hao kinyozi, na kila mmoja aliuliza swali lilelile. Ufunguo ni mzima? Homa imepanda? Kuna mtu wa kumpikia? Wa tano alikuwa yule kuli mpana wa stendi, amebeba ndizi. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno maji. Fundi alisimama pale mlangoni akijibu, na kila jibu lilimtoka dogo kuliko la kabla yake.

Ufunguo aliamka kwa zile sauti. Alitazama dirisha, akatazama saa, akaichukua akaigeuza nyuma. Akajua.

"Leo zamu ya mtaa wa juu," akasema polepole. "Kule kilimani. Maji hayapandi mpaka yafunguliwe kabla jua halijatoka, soko na hospitali ya chini, vinavyopata kila siku, havijaanza kuteka. Sasa hayafiki. Mpaka siku nne nyingine."

"Siku nne?"

"Na nne walizokwisha kukaa."

Fundi alingoja agombezwe. Angeshukuru. Lakini kijana alivaa buti zake, akatoka, na fundi akamfuata kwa mbali kupanda kile kilima. Akamsikia nyumba ya kwanza. "Nisameheni, nimelala." Nyumba ya pili, "Nimelala, jamani, nisameheni." Nyumba kumi na kitu zenye madumu yaliyopangwa mlangoni tangu alfajiri, na katika zote hakusema dada yangu amezima saa. Alisema nimelala.

Hapo fundi akashindwa. Watu walipokusanyika kwenye bomba kavu la juu, alipita katikati yao, shali imemwanguka, akasimama mbele.

"Hajalala," akasema. "Ni mimi. Nilimwona amechoka nikamzimia saa. Nilidhani saa mbili si kitu. Ni mimi, si yeye."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwenye filimbi." Kicheko kikatembea, kidogo, cha watu wenye kiu. Yule mama mtu mzima wa asubuhi akamsogelea.

"Umekuja kumchukua," akasema. Hakuwa anauliza.

Fundi akashindwa kudanganya. "Mama yetu mzee. Na kuna nafasi."

"Hatuwezi kumzuia mtoto wa watu kurudi kwao. Mama ni mama." Yule mama akafikiri. "Ila tunakuomba, kabla hajaondoka amfundishe mtu kufungua taratibu. Wa kabla yake alikuwa na haraka. Mabomba yalipasuka, mtaa huu ulikaa miezi miwili, nikawa nateka kule bondeni na mimba ya mwanangu wa mwisho. Huyu hajapasua hata moja la kwetu. Basi amfundishe mtu, halafu mwende salama."

Wangembembeleza, fundi angejua la kujibu. Alikuwa na majibu ya kubembelezwa tangu jijini. Wangemtukana, angewatukana. Kuagwa kwa heshima ndiko hakuwa amejiandaa nako. Macho yakamjaa akayaacha yatoke, mbele ya watu, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake alilia kwa kujificha nyuma ya mlango.

Mchana watu wa mitaa ya chini wakapandisha madumu kilimani kwa mikokoteni, wakakubaliana kwamba zamu ya kesho, iliyokuwa yao, waiachie mtaa wa juu. Mama Pacha alibeba mawili na kumwachia fundi moja. "Beba, jiji," akamwambia. "Ulidhani tutakupa kiti?" Fundi akabeba, akapumzika mara nne njiani, na hakupiga filimbi.

Jioni Ufunguo aliketi mezani kabla ya kwenda kulala. Akavuta fomu, akachukua kalamu ya daftari la vipimo, akasaini. Ilikuwa sahihi ya mtu aliyechoka, lakini ilikuwa kamili.

"Nimeona leo umelia," akasema. "Sitaki upande basi ukiwa umegawanyika. Hii hapa, imeshasainiwa. Ukiipeleka, nakuja mwisho wa mwezi na sitakulaumu maisha yangu yote. Mimi nalala, Dada. Itege saa."

"Nitaitega."

Akabaki na ile karatasi. Aliitazama muda mrefu, jua bado lina rangi dirishani. Alimwona mdogo wake kwenye kiti cha kuzunguka, chini ya feni, shati safi, anapiga mihuri. Akamwona mama anamshika mkono badala ya ukuta. Picha ilikuwa nzuri, na alikuwa ameishona mwenyewe miaka tisa. Kasoro yake ni kwamba aliikata bila kumpima mtu. Fundi gani anakata bila kupima?

Akaamka akaenda kuchukua ile ovaroli. Akakata mfuko wa nje wa begi lake la turubai, kitambaa kigumu, akakunja taulo la kuweka katikati. Ilibaki karatasi ya kukatia umbo. Kurasa za daftari zilikuwa ndogo na laini, hazishiki mviringo wa bega. Alihitaji karatasi nene, pana, isiyojikunja. Aliilaza ile fomu juu ya bega la ovaroli, akaipapasa kwa vidole ikafuata mviringo, akaichora kwa kalamu. Halafu akachukua mkasi. Ulipita kwenye mihuri yote miwili na katikati ya sahihi.

Akashona kwa mkono, mishono midogo miwili miwili, na alipomaliza alimpigia mama simu.

"Amesaini?" mama akauliza kabla ya salamu.

"Amesaini. Mimi ndiye nimeikata."

"Umeikata nini?"

"Fomu. Nimemshonea bega." Akasikia mama anavuta pumzi, akaendelea haraka kabla hajakatizwa. "Mama, ungeona. Anaweka sikio kwenye chuma anasikia maji chini ya ardhi. Mji mzima unaamka kwa mkono wake. Leo amechelewa saa mbili, watu wamekuja na ndizi kuuliza kama anaumwa. Tulidhani amepotea huku. Tulikuwa tunamlilia mtu asiyepotea."

Fundi alisikia televisheni ya jirani kule jijini, mbali kabisa.

"Kwa hiyo umekwenda kumchukua ukamwacha," mama akasema mwishowe, na sauti yake iliuma, maana kwa kweli lilikuwa jambo la kuuma.

"Nimemwacha. Na shule zikifungwa, kazi ya sare ikipungua, ninakuleta wewe. Kiti cha mbele, na mto wa miguu."

"Mimi? Kwenye hilo vumbi?"

"Mashuka yao meupe kuliko yetu, Mama."

"Muongo wewe," mama akasema. Kisha akauliza, "Wanafulia nini?"

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano alfajiri, fundi alikuwa ameshaoga kwa maji ya kikombe kimoja na begi lake limeshafungwa, na tundu kubwa ubavuni ulipokuwa mfuko. Basi lilikuwa la saa moja. Aliinua saa ya mezani kabla haijapiga, akaizima kwa mara ya pili, akawasha taa na kwenda kumtikisa mdogo wake mguu, kama alivyokuwa akimtikisa siku za shule.

Ufunguo akaketi. Aliona ovaroli mikononi mwa dada yake, akaona bega jipya, nene, limeshonwa likashonwa tena. Akatazama mezani. Pale palikuwa na kilichobaki cha ile karatasi nene nyeupe, ina uwazi mkubwa katikati wenye umbo la bega, na pembeni kipande cha sahihi yake. Akauficha mdomo kwa mkono kama alivyofanya tangu utotoni.

"Usinitazame hivyo," fundi akamwambia. "Vaa. Mtaa wa juu wanangoja."